Umeme Umekatika, Yuko Hapa

Jumapili, 3 Machi

Mwalimu wa lugha anasema mwenye haya na aandike, kwa kuwa karatasi haimkodolei mtu macho. Haya, karatasi, mimi ndiye huyu. Mvua bado, ila mawingu yamelundikana kama nguo chafu ambazo kila mtu nyumbani anasubiri mwenzake aanze kuzifua.

Mjomba anarudi Ijumaa.

Mwezi uliopita nilitimiza miaka kumi na minane, na Bibi akaniletea keki yenye jina langu kwa sukari nyekundu. Bibi huyuhuyu ambaye siku zote husema kuzaliwa si ushindi, hata kifaranga huanguliwa. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Mama hakuila. Alisema jino linamsumbua.

Leo Bibi kanipa karatasi ya masharti ya Mjomba nimsomee, maana imeandikwa kwa lugha ya ofisini, na katika nyumba hii anayeijua sawasawa ni mimi. Sharti la tatu: asiishi katika nyumba yenye mtu aliye chini ya miaka kumi na minane. Nikasoma, nikarudia kusoma. Kumbe keki ile haikuwa yangu. Nilikuwa nasherehekea kitanda cha Mjomba.

Karatasi inamwita "mkosaji wa makosa ya kingono dhidi ya mtoto". Bibi akauliza, "Hapo wameandika nini?" Nikamwambia, "Wameandika mtu aliyemaliza kifungo." Akaitikia kwa kichwa. "Angalau wanajua kamaliza."

Jumatatu, 4 Machi

Mluzi kanipita kwenye ngazi za shule akipiga mluzi, ndiyo asili ya jina lake. Walimu wamemkanya, walezi wamemkanya, eti msichana hapigi mluzi. Anaacha mpaka wageuke.

Zamani kina Mluzi walikuwa jirani zetu, ukuta kwa ukuta. Tulicheza naye kila siku mpaka tulipofika miaka tisa. Kisha ikaja kesi ya Mjomba. Mtoto wa kesi ile alikuwa yeye. Mahakama iliamini maneno yake, Bibi hakuyaamini. Wao wakahamia ng'ambo ya kijito, na Bibi akapiga marufuku jina lake kutajwa humu ndani.

Tuko shule moja, yeye darasa la kulia, mimi la kushoto. Sijawahi kumsalimu. Sisemi nilikataa. Naahirisha tu, kila siku naahirisha.

Ijumaa, 8 Machi

Amekuja. Nilimkumbuka mtu mrefu, kumbe mimi ndiye niliyekuwa mfupi. Kaniangalia, akasema, "Mpwa! Nilikuacha kijiti, umekuwa mlingoti. Wanakupa mbolea gani?" Nikacheka. Sikutaka kucheka.

Afisa wa uangalizi alikuja naye kwa pikipiki. Ni mtu wa mbali, lugha yetu anaibabaisha, ila ana adabu. Alimvisha Mjomba bangili nyeusi kwenye kifundo cha mguu, akachomeka kisanduku cheupe ukutani sebuleni. Bangili ikiwa karibu na kisanduku, taa ya kijani. Ikienda mbali, kituoni wanajua. Kuanzia magharibi hadi alfajiri Mjomba asitoke. Na ng'ambo ya kijito asikanyage kabisa, mchana wala usiku, mvua wala jua.

Bibi akasema, "Mtu kamaliza kifungo, mnamfunga tena kamba kama mbuzi?"

"Sheria mpya, mama," afisa akajibu. "Wa zamani kama huyu, miaka mitano ya bangili. Wanaohukumiwa sasa, miaka thelathini ndani, hakuna kupunguziwa, na bangili mpaka kufa."

"Mwambie walimsingizia," Bibi akaniambia mimi.

Nikamwambia afisa kwa lugha ya ofisini, "Bibi anasema asante kwa kufika."

Mama alikuwa mlangoni na tepu yake ya kupimia shingoni. Anashona sare za shule kwenye kibanda kilicho mtaa huuhuu, na alikuwa ametoka huko. "Karibu," alimwambia mdogo wake. Mjomba akasema, "Dada, hata mkono?" Mama akasema mikono yake ina chaki.

Jumapili, 10 Machi

Mama kamleta seremala atie komeo kwenye mlango wangu, kwa ndani. Bibi akauliza la nini. Mama akasema, "Paka anaingia."

Hatuna paka.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua imeanza, na umeme, kama kawaida ya umeme wetu, umeiona mvua ukakimbia. Kisanduku kina betri ya akiba lakini imechoka. Taa ya kijani ikapepesa, ikazimika. Haikupita muda, simu ndogo tuliyoachiwa na afisa ikalia. Mwanamke wa kituoni, lugha ya ofisini tupu, sauti kavu kama anasoma bei za sokoni. Sharti ni Mjomba ajibu mwenyewe, lakini lugha hiyo Mjomba haijui. Alijibu kila swali kwa neno moja la kukubali, hata alipoulizwa kama ametoroka. Tulicheka mpaka Bibi akashika mbavu. Mwishoni mwanamke yule akasema, basi mpe binti.

Nikasema, "Umeme umekatika. Yuko hapa."

"Unathibitisha?"

"Nathibitisha."

Ilikuwa kweli. Alikuwa anakula mbele yangu.

Ijumaa, 15 Machi

Umeme umekatika. Yuko hapa.

Jumapili, 17 Machi

Mara mbili. Siku hizi mwanamke wa kituoni haombi kuzungumza naye tena. Ananiuliza mimi tu. Leo kaniita "mdogo wangu".

Jumatano, 20 Machi

Umeme umekatika. Yuko hapa. Nimelowa, viatu vimekuwa kama vifaranga vilivyonyeshewa.

Jumapili, 24 Machi

Lazima niseme ukweli, hata kama hapa ni mimi na wewe, karatasi: nampenda Mjomba. Nyumba ilikuwa kimya kabla hajaja. Amefufua redio ya Bibi iliyokufa tangu sijaanza shule. Amenitengenezea taa ya kusomea kwa kopo la rangi. Anaigiza sauti ya afisa, anaigiza pikipiki ya afisa, anaigiza hata koti la mvua la afisa, sijui anawezaje. Ile bangili anaiita saa. "Mpwa, niulize saa ngapi." Namuuliza. Anainua mguu, anaitazama kwa makini: "Saa ya kukaa nyumbani."

Nikiwa nacheka namsahau mtoto wa kesi. Nikiacha kucheka nakumbuka kwamba nilimsahau.

Leo mezani Bibi alisema, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Mama akaweka kijiko chini. "Ndwele ya nani, Mama? Aliyeugua hayupo mezani hapa."

"Usianze."

"Sijaanza mimi."

Mjomba alitazama sahani yake. Nilisubiri aseme neno. Neno lolote: nilikosa, sikukosa. Akasema, "Chumvi imekaa vizuri leo." Akaomba aongezewe.

Jumatano, 27 Machi

Mdahalo wa shule, madarasa mawili pamoja ukumbini, mvua ikipiga bati mpaka wasemaji wakawa wanapayuka kama wauza nguo. Mada: "Sheria mpya ya uangalizi imezidi ukali." Mwalimu alinipanga upande wa wanaoafiki. Sikusimama kusema, mimi na kusimama wapi na wapi, ila hotuba niliiandika mimi na msemaji wetu akaisoma. Niliandika kwamba mtu aliyekwisha tumikia adhabu akiendelea kufungwa mguuni, familia yake nzima imefungwa naye. Walipiga makofi. Nilijisikia mtu.

Mwalimu akauliza kama kuna swali. Mluzi akanyoosha mkono. Hapa shuleni hakuna anayejua kwamba ni yeye. Sheria inaficha jina la mtoto wa kesi. Najua mimi tu.

Akauliza, "Umeme ukikatika, nani anaangalia?"

Watu wakacheka, maana ukumbini penyewe tulikuwa gizani.

Mwalimu akasema, "Kuna afisa, bila shaka. Atakwenda pale mwenyewe."

"Kwa mvua hii?"

Wakacheka tena. Mluzi hakucheka. Akakaa. Nilitazama vidole vyangu. Nilitaka sakafu ya ukumbi inimeze, maana jibu la swali lake lilikuwa limeketi mstari wa tatu, limevaa sweta la bluu.

Ijumaa, 29 Machi

Umeme umekatika. Yuko hapa.

Jumanne, 2 Aprili

Afisa alipita. Kaangalia betri ya kisanduku, akasema ameomba nyingine. Buti zake zimechanika, kazifunga kwa waya. Anaangalia watu wengi kuliko siku za wiki, na pikipiki ni hiyo moja. Akaniambia, "Binti, wewe ni msaada mkubwa." Nikaona haya. Haya nzuri, ile ya kusifiwa.

Jumamosi, 6 Aprili

Umeme umekatika. Yuko hapa.

Mjomba aliniuliza, kama utani, kituoni wanajuaje kama umeme umekatika kweli. Nikamwambia hawajui, wanajua kisanduku kimezimika basi. Akasema, "Aa." Akaendelea kukaza skurubu za redio.

Jumamosi, 13 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio, kama ilivyotokea.

Mchana kutwa ilinyesha. Jioni ikaacha, kukawa na ule ubaridi wa mvua iliyoondoka bila kuaga. Mama alikuwa bado kibandani kwake, sare za muhula zinamkaba. Mimi nilikuwa chumbani. Taa yangu ya kopo ikazimika. Nikasikia mlango wa nyuma, kisha kimya.

Nikaenda sebuleni. Bibi alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, gizani. Macho yake si mazuri hata kwenye mwanga, sasa anachambua nini gizani?

"Mjomba yuko wapi?"

"Kaenda kunyoosha miguu."

"Saa hizi? Haruhusiwi."

"Miguu yake, mjukuu wangu. Miguu ni yake."

Simu ikalia. Nikaichukua, nikasogea dirishani kutafuta mtandao kama siku zote. Ng'ambo ya barabara, kwenye duka la muuza vinywaji, balbu ilikuwa inawaka. Friji lake lilikuwa linanguruma. Kibandani kwa Mama, mwanga. Mtaa mzima una umeme. Nyumba yetu peke yake ndiyo iliyokuwa giza.

Mwanamke wa kituoni akasema, "Habari ya jioni, mdogo wangu. Umeme tena?"

Niligeuka. Bibi alikuwa ameacha mchele. Ananitazama. Kama mtu aliyebeba kitu kizito anayeona mwenzake anataka kuachia upande wake.

Nikasema, "Umeme umekatika. Yuko hapa."

"Unathibitisha?"

Balbu ya muuza vinywaji ilikuwa inanitazama usoni.

"Nathibitisha."

Mjomba alirudi baada ya muda, akaingia kwa mlango wa nyuma, ule wa jikoni. Nikasikia mlio mdogo, *ta*, wa swichi kuu iliyo nyuma ya mlango ule. Taa zote zikawaka. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu hadi kwenye kamba. Udongo wa aina hiyo uko kijitoni.

"Umekwenda wapi?" nilimuuliza.

"Kuomba msamaha tu, mpwa," akasema. Hakuwa anaigiza mtu yeyote. "Mtu ana haki ya kuomba msamaha."

Bibi akasema, "Unaona?" Akarudi kwenye mchele wake.

Nikaingia chumbani. Kwa mara ya kwanza nimelifunga komeo.

Jumapili, 14 Aprili

Sikutoka.

Jumatatu, 15 Aprili

Mluzi hakuja shule.

Jumanne, 16 Aprili

Hakuja.

Jumatano, 17 Aprili

Afisa alikuja na faili ndani ya mfuko wa plastiki. Nilitafsiri yote, kuna wakati niliongea kama mashine ya kusagia.

Baba yake Mluzi, ambaye ni dereva wa lori, alikwenda kushtaki. Anasema Jumamosi jioni mwanawe alikuwa peke yake uani akiosha vyombo, akasikia mtu nyuma ya ua akimwita kwa jina lake la utotoni. Akamwona. Mtu yule akamwambia asiogope, amekuja kwa wema, afungue mlango wa ua wazungumze. Msichana akakimbilia ndani, akasukuma meza mlangoni, akakaa chini ya meza hiyo mpaka baba yake aliporudi na lori.

Afisa akafungua faili. "Lakini kumbukumbu za kituo zinasema alikuwa nyumbani. Sauti yako ipo, binti. Ndivyo ilivyokuwa?"

Kila mtu alikuwa pale. Mjomba anatazama bangili. Bibi ananitazama. Mama hakuwa ananitazama, alikuwa anachomoa nyuzi kwenye pindo, moja moja.

"Ndivyo," nikasema.

Afisa akashusha pumzi, sikujua kama ni ya nafuu. "Basi labda kaona mtu anayefanana naye. Mtoto akishaumizwa hivyo, anaweza kuona visivyopo. Nitamwambia baba yake hivyo."

Bibi, baada ya afisa kuondoka: "Nilisema toka zamani. Mtoto muongo yule."

 

Ijumaa, 19 Aprili

Mluzi alikuja shule. Wakati wa mapumziko alinikuta kwenye bomba la maji. Hakunisalimu, mimi pia sikumsalimu, tuko sawa kwa hilo.

"Ni wewe unayepokea simu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nilidhani ni mtu mzima."

"Mluzi, mimi..."

"Baba kaambiwa nimeona visivyopo." Alikuwa anajaza chupa yake, maji yanafurika na yeye hafungi bomba. "Unajua yule bibi yako alisemaje mahakamani? Kwamba naota ndoto za mchana. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikwenda nyumbani nikajiuliza, labda kweli naota. Safari hii nimejiuliza tena. Nimekaa chini ya meza najiuliza kama nimemwona mtu au nimejiumbia. Ulikuwa naye kweli?"

Kengele ikalia. Watu wakapita katikati yetu. Ulimi wangu, huu unaojua lugha mbili, haukupata neno hata katika moja.

Akafunga bomba. "Haya," akasema, akaenda zake. Kwenye ngazi hakupiga mluzi. Nilisubiri mpaka alipofika juu kabisa.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua. Umeme umekatika, kweli. Simu ilipolia nikampa Mjomba. Mwanamke wa kituoni akauliza, "Mdogo wangu yuko wapi?"

Jumanne, 23 Aprili

Nilimpelekea Mama chakula kibandani. Alikuwa anatia vifungo. Nikakaa kwenye marobota ya vitambaa kama nilivyokuwa nikikaa nikiwa mdogo. Cherehani yake ya umeme hunguruma kama mtu anayeota. Nikaitazama. Nikaielewa.

"Mama. Jumamosi ile, cherehani ilikuwa inafanya kazi?"

"Ilifanya kazi mpaka nilipofunga."

"Kwa hiyo unajua."

"Najua tangu afisa alipofungua faili."

"Mbona hukusema?"

Akakata uzi kwa meno. "Nilikuwa nasubiri useme wewe. Halafu nikajiona mjinga: na mimi nimesubiri miaka mingapi? Nilikuwa nikimwona mdogo wangu anavyomwita yule mtoto kuja ndani, ampe peremende. Nilikuwa naona. Moyo ukaniambia kitu, nikauambia moyo unyamaze, huyo ni ndugu yako." Akashika kitambaa. "Nilikutia komeo wewe. Yeye nani alimtia komeo?"

Nililia kwenye robota la kitambaa cha sare. Mama akaniacha nilie, kisha akasema, "Basi, usinichafulie kitambaa cha watu." Ndivyo anavyobembeleza Mama. Akazima cherehani. "Kesho tunakwenda wote."

Jumatano, 24 Aprili

Ofisi ya uangalizi ni chumba kimoja chenye ndoo katikati ya sakafu, paa linavuja. Afisa alitupa viti viwili, yeye akasimama.

Nilisema kwa lugha ya ofisini. Nilisema umeme haukukatika. Nilisema niliiona balbu ya muuza vinywaji. Nilisema swichi, udongo mwekundu, "kuomba msamaha tu". Nilisema nilidanganya kituo mara moja na yeye mwenyewe afisa mara moja. Sijawahi kuongea kwa muda mrefu hivyo mbele ya mtu. Mama hakuelewa maneno lakini alikuwa ameshika kiwiko changu, na kila nilipokwama alikibinya kidogo.

Afisa akaitazama ndoo. Matone yakaingia ndooni.

"Nilipaswa kuja mwenyewe," akasema mwishowe. "Sheria inasema kisanduku kikizimika, afisa afike. Nilifika mara mbili tu tangu mvua ianze. Nilikuwa na wewe, nikaona inatosha." Akaniuliza kama niko tayari kurudia haya mbele ya hakimu, na sauti yangu tena ikirekodiwa.

Nikasema niko tayari.

Tulipotoka niliwaza nitajisikia mwepesi. Watu husema hivyo. Sikujisikia mwepesi.

Alhamisi, 25 Aprili

Wamemchukua asubuhi. Aliuliza kama anaweza kumaliza chai. Hakunitazama, ila alipofika mlangoni alisema, "Mpwa, niulize saa ngapi."

Sikumuuliza.

Bibi hajala. Kaniambia, "Ulimi wako umemla ndugu yako." Kisha akafunga mlango wa chumba chake.

Jumamosi, 27 Aprili

Bibi hasemi nami.

Jumanne, 30 Aprili

Hasemi.

Jumamosi, 4 Mei

Nimevuka kijito. Daraja limepungua mbao mbili kwa mafuriko. Niliifanyia mazoezi sentensi ya msamaha njia nzima, kisha katikati ya daraja nikasimama. Mjomba naye alivuka hapahapa na sentensi ya msamaha mdomoni, akitaka mlango ufunguliwe. Nikaamua sitaomba kuingia wala kufunguliwa. Nitasema ukweli nikiwa nje, basi.

Baba yake Mluzi alikuwa chini ya lori, miguu tu inaonekana. Nikatoa shikamoo kwa miguu ile. Akatoka, akafuta mikono kwa kitambaa, akanijua.

"Nimekuja kusema hakuona visivyopo," nikasema. "Mimi ndiye niliyesema uongo. Nimeshamwambia afisa."

"Afisa katuambia." Akaendelea kufuta mikono. "Hayupo. Nimempeleka kwa shangazi yake wiki iliyopita, mbali. Atamalizia masomo huko. Kabla ya ile habari yako kufika alikuwa ameshafunga begi. Ilipofika nikamwambia, mwanangu, umeaminiwa, baki. Akasema, 'Baba, nimechoka kusubiri kuaminiwa.'"

Nikatazama udongo mwekundu kwenye viatu vyangu.

"Umechelewa," akasema, bila ukali, kama anavyoweza kumwambia mtu aliyelikosa lori. "Lakini nitamwambia umekuja mwenyewe."

Akarudi chini ya lori.

Laiti ningesema pale bombani. Alikuwa amesimama mbele yangu, maji yanamwagika, ameuliza swali ambalo jibu lake ni neno moja: hapana, sikuwa naye. Neno lenyewe nilikuwa nalo.

Ijumaa, 17 Mei

Mvua zimekatika. Barabara imeanza kutoa vumbi, mtu asingeamini kwamba juzi tulikuwa tunarukaruka mashimo.

Leo uamuzi. Nilisema mbele ya hakimu, Mama nyuma yangu, Bibi mwisho kabisa wa benchi kavaa viatu vyake vya heshima. Hakimu alisoma kwa lugha ya ofisini, haraka haraka, akanyanyuka, watu wakatoka. Bibi akabaki ameketi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema nami tangu siku ile.

"Kasemaje?"

Nikakaa karibu naye. Msimu mzima nimekuwa nikimtengenezea maneno, nayapaka sukari nyekundu kama ile keki. Nikamwambia, "Bibi, safari hii nitakuambia yote kama yalivyosemwa."

"Sema."

"Kasema amevunja masharti kwa makusudi, alizima umeme ili amfikie mtoto aliyemwumiza. Hakusema mkosaji tu. Kasema mkosaji wa makosa ya kingono dhidi ya mtoto. Hata kwenye karatasi ya kwanza iliandikwa hivyo, mimi ndiye niliyekuficha. Atafungwa miaka saba mingine. Akitoka, bangili maisha yake yote. Na hatarudi kwenye nyumba yetu."

Bibi alikuwa anakunja na kukunjua leso. Mama alisimama mbele yetu, hakukaa.

"Mimi miaka saba sina," Bibi akasema.

Hatukumbishia.

Karani akaanza kufunga madirisha. Kisha Bibi akauliza, "Na yule mtoto? Kwenye maneno yao wanamwitaje?"

"Mlalamikaji."

"Hana jina?"

"Sheria inalificha, Bibi. Kumlinda."

"Sisi hatukulificha kumlinda," akasema.

Akaanza kunyanyuka. Mama akamshika mkono mmoja, mimi mwingine. Hapo ndipo Bibi alipolitaja jina la Mluzi, lile la utotoni, kamili, kama alivyokuwa akimwita zamani kuja kunywa uji na mimi. Akalitaja mara ya pili, chini chini. Sitaliandika hapa, si langu kuliandika. Tulitoka naye polepole, na njia nzima hakuna aliyemwambia anyamaze.

Sasa niko chumbani. Kisanduku wamekichukua, ukutani pamebaki matundu mawili ya skurubu. Taa ya kopo inawaka, na ng'ambo ya barabara balbu ya muuza vinywaji inawaka pia.

Umeme haujakatika. Hayupo. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.